Bosi aliyekosa usingizi: kisa cha benki ya Lloyds, 2011

Asubuhi ya Jumatano, 2 Novemba 2011, benki ya Lloyds ya Uingereza iliwatangazia wenye hisa kwamba mkurugenzi wake mtendaji, António Horta-Osório, ameacha kazi kwa muda kwa amri ya daktari. Taarifa haikuzunguka mbuyu. Ni uchovu uliotokana na kufanya kazi kupita kiasi, ilisema, na inatarajiwa atarejea kabla ya mwaka kuisha. Mreno huyo wa miaka 47 alikuwa amekikalia kiti hicho kwa miezi minane tu. Hadi soko linafungwa, hisa za Lloyds zilikuwa zimeshuka kwa zaidi ya asilimia 4. Karibu pauni bilioni 1 ya thamani ya benki ilipotea siku moja kwa sababu mtu mmoja alikuwa halali.

Nimekichagua kisa hiki, ingawa kina miaka kadhaa, kwa sababu kinaonekana chote. Visa vingi vya viongozi waliochoka tunavisikia siku wanapojiuzulu, kisha pazia linafungwa. Hapa tunamwona mtu akielemewa, akitoka, akirudi kwenye kiti kilekile, na akikaa hapo miaka mingine tisa. Ukitaka kujua kupona uchovu wa kazi kunahitaji nini, ni bora umtazame aliyerudi kuliko aliyeondoka.

Alichokabidhiwa

Tuanze na benki yenyewe, maana ugonjwa ulitokea huko. Septemba 2008, siku chache baada ya benki ya Lehman Brothers kufilisika Marekani, Lloyds TSB ilitangaza kwamba inainunua HBOS, mshindani wake mwenye makao Edinburgh. Serikali ya Gordon Brown ililegeza masharti ya ushindani ili ndoa ifungwe haraka. HBOS ilikuwa imejaa mikopo mibovu ya majengo ya biashara, Uingereza na Ireland, na muungano ulipokamilika Januari 2009 ubovu ule ukawa wa Lloyds. Walipakodi walilazimika kutia zaidi ya pauni bilioni 20, na kwa wakati fulani serikali ilimiliki zaidi ya asilimia 43 ya hisa. Horta-Osório alipochukua nafasi ya Eric Daniels tarehe 1 Machi 2011, serikali bado ilikuwa na kama asilimia 40. Kwa maneno mengine, alikuwa na waajiri wa aina mbili: soko la hisa na wananchi waliokasirika.

Hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa benki ya Santander ya Hispania tangu 1993, akapanda Ureno na Brazil, na tangu 2006 akaongoza tawi la Uingereza. Watu wa benki walimjua kama mtu wa kufuatilia kila kitu mpaka mwisho: anasoma taarifa zote, anauliza namba ya chini kabisa ya ukurasa. Anacheza tenisi, na burudani yake nyingine ni kupiga mbizi kwenye maji yenye papa. Nalitaja hilo kwa wale wanaoamini kwamba kuchoka ni kwa watu legelege.

Angalia alichofanya ndani ya majira mawili ya mwaka. Mwezi Mei, baada ya mabenki kushindwa mahakamani mwezi Aprili, Lloyds ilijitoa kwenye mapambano hayo kabla ya wenzake, ikatenga pauni bilioni 3.2 za kuwalipa fidia wateja waliouziwa bima ya mkopo isiyowafaa. Bima hiyo ilipaswa kumlipia mteja rejesho lake akiugua au akipoteza kazi. Wengi waliouziwa hawakuwa na sifa ya kulipwa hata wangeugua. Kumbuka jambo hilo tutakapofika kwenye ugonjwa wa bosi. (Kiasi hicho, baadaye, kilikua hadi kupita pauni bilioni 20 kwa Lloyds peke yake.)

Mwezi Juni akatoa mkakati wake: kupunguza ajira 15,000 hadi 2014, kuokoa pauni bilioni 1.5 kwa mwaka, na kuondoka katika nusu ya nchi 30 ambako benki ilikuwa na shughuli. Wakati huohuo Tume ya Ulaya ilikuwa imeiagiza Lloyds kuuza matawi 632 kama sharti la msaada wa serikali, na muda ulikuwa unakwenda. Juu ya hayo yote alikuwa anabadilisha timu ya juu. Waliokuwapo wanaondoka mmoja mmoja, aliowaleta wengine wakitoka Santander bado wanajifunza njia za jengo.

Hapo ndipo ilipo shida ambayo wengi wanaosimulia kisa hiki huiruka. Kiongozi anayefuatilia kila kitu anaweza kudumu akiwa na manaibu wazoefu anaowaamini. Kiongozi huyohuyo, miezi yake ya kwanza, timu nusu iko mlangoni na nusu haijavua koti, anakuwa yeye ndiye naibu wa kila mtu. Kwetu tuna msemo wa kumtupia mzigo mzito Mnyamwezi. Maofisini msemo huo unafanya kazi kimyakimya, na mara nyingi Mnyamwezi mwenyewe ndiye anayenyoosha mkono.

Majira ya joto

Lakini kilichomwondolea usingizi kilikuwa kitu mahsusi zaidi, na inafaa tukae hapo kidogo.

Benki hukopesha kwa muda mrefu, mkopo wa nyumba wa miaka 25 kwa mfano, na hupata fedha za kukopesha kutoka sehemu mbili: amana za wateja, na mikopo inayochukua kwenye masoko ya fedha kutoka kwa mabenki mengine, mifuko na makampuni. Mikopo hiyo ya pili mingine ni ya miezi mitatu, mingine sita, mingine ya siku chache. Ikiiva, inalipwa kwa kukopa upya. Mwishoni mwa 2010 Lloyds ilikuwa na karibu pauni bilioni 300 za namna hiyo, na karibu nusu yake ilipaswa kulipwa ndani ya mwaka mmoja. Isitoshe, mpango maalumu wa Benki Kuu ya Uingereza uliokuwa ukiyapa mabenki ahueni tangu 2008 ulikuwa unafungwa Januari 2012. Fedha zilizokopwa humo zilipaswa kurudishwa kabla ya hapo.

Soko likiwa tulivu, hayo ni mambo ya idara ya hazina na bosi hulala. Mwaka 2011 soko halikuwa tulivu. Julai, viongozi wa Ulaya walikuwa wakijadili uokozi wa pili wa Ugiriki. Agosti, Marekani ikashushwa daraja la ukopaji na shirika la kupima wakopaji la Standard & Poor's kwa mara ya kwanza, na riba za Italia na Hispania zikapanda. Mifuko ya fedha ya Marekani ikaanza kuyakimbia mabenki ya Ulaya. Kwa benki yenye pauni bilioni zaidi ya mia za kukopa upya ndani ya miezi kumi na miwili, kila kichwa cha habari kutoka Athens kilikuwa ni swali: kesho nani atatukopesha?

Horta-Osório alilieleza baadaye katika mahojiano kadhaa. Mawazo ya udhaifu wa benki yalikuwa yakizunguka kichwani usiku na mchana, na usingizi ukapungua kidogo kidogo. Alidhani ataweza kuyabeba mwenyewe. Mwisho wa Oktoba hali ilifika mahali ambapo, kwa maelezo yake, zilipita siku tano bila kulala. Alisema hapo ndipo alipoelewa kwa nini kumnyima mtu usingizi hutumika kama njia ya kumtesa mfungwa.

Anayejua uchovu wa kawaida asiuchanganye na huu. Uchovu wa kawaida hulaza: unafika nyumbani, unaanguka kitandani, umeisha. Huu wa pili mwili umekwisha na akili haizimiki. Mtu anajilaza saa tano, saa nane anahesabu mikopo inayoiva Alhamisi, saa kumi anajiuliza kama amejibu ule ujumbe, saa kumi na mbili anavaa tai. Na kwa kuwa mchana bado anafanya maamuzi, anasaini, anaongea vizuri kwenye kikao, hakuna anayeona. Bosi ana bahati mbaya ya ziada. Karani akikosea kwa usingizi, mkaguzi atamwona. Nani anamkagua mkurugenzi mtendaji saa nne asubuhi?

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, linauelezea uchovu huu kama hali ya kazini, si ugonjwa kamili, inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake kwa mujibu wa orodha hiyo ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kushuka kwa ufanisi. Ukimsoma Horta-Osório utaona ile ya kwanza waziwazi. Ya pili hutaiona kabisa. Hakuichukia kazi hata siku moja, na nadhani hapo ndipo palipokuwa na hatari. Anayeichukia kazi hutafuta mlango mapema.

Alitoka vipi, na nani alibaki

Alimweleza mwenyekiti wa bodi, Sir Winfried Bischoff, na akaonana na mtaalamu. Akalazwa kwa siku kadhaa katika kliniki ya binafsi ya Priory jijini London, mahali panapojulikana sana Uingereza kwa kutibu maradhi ya akili na ulevi. Kazi ya kwanza ya matibabu ilikuwa kumrudishia usingizi.

Uamuzi wa bodi wa kusema ukweli hadharani ulikuwa na gharama, tumeshaiona kwenye hisa, na wapo waliosema ingetosha kuandika "sababu za kiafya". Mimi naona walifanya vizuri. Uongo mdogo wa namna hiyo huishi siku tatu katika jiji la mabenki. Baada ya hapo uvumi unakuwa saratani, au wizi, au kwamba bosi ameona kitu kwenye vitabu vya benki akakimbia. Neno "uchovu" lilimdhalilisha kwa wiki moja, kisha likamlinda.

Pale bodi ilipoumbuka ni kwenye swali la nani anakaimu. Kiti kilipewa Tim Tookey, mkurugenzi wa fedha. Tookey alikuwa mtu safi na mzoefu, ila Septemba ilikuwa imeshatangazwa kwamba anaondoka Lloyds, anakwenda kampuni nyingine mwishoni mwa Februari. Yaani benki kubwa ya nchi, kwenye miezi mibaya ya soko, ilikabidhiwa kwa mtu aliyeshaaga. Ilibidi atajwe na mwingine wa akiba, David Roberts, mjumbe wa bodi asiye mtendaji, endapo bosi hatarudi kabla Tookey hajafunga virago. Benki haikuanguka. Mikopo ilikopwa upya, matawi yalifunguliwa saa zilezile, na mipango ya Juni iliendelea kutekelezwa.

Hilo lingepaswa kumpa Horta-Osório nafuu kuliko dawa yoyote: kumbe inaenda. Lakini pia linasema jambo lisilopendeza kuhusu miezi minane iliyotangulia. Kama benki iliweza kwenda bila yeye kwa wiki tisa na kaimu aliyekuwa njiani kuondoka, basi sehemu ya mambo aliyoyabeba usiku hayakuhitaji kubebwa na yeye.

Kurudi

Tarehe 14 Desemba bodi ilitangaza kwamba atarejea tarehe 9 Januari 2012. Kabla ya kufika hapo wajumbe walitafuta ushauri wa madaktari huru, hawakutegemea daktari wake tu wala neno lake. Wapo waliomwona amefanyiwa ukatili, mtu mzima anapimwa kama mtoto. Sikubaliani nao. Mtu aliyekuwa akisema "niko sawa" mpaka siku ya tano bila usingizi si shahidi mzuri wa hali yake mwenyewe, na yeye angekuwa wa kwanza kukiri. Kibali cha mtu wa nje kilimpa kitu ambacho asingeweza kujipa: wiki ya kwanza akipiga mwayo kikaoni, hakuna ambaye angeweza kusema bodi ilikurupuka.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa. Kazi aliyoirudia haikuwa ileile aliyoiacha. Idadi ya wakuu walioripoti kwake moja kwa moja ilipunguzwa, na majukumu zaidi yakashushwa kwa walio chini yake. Mkurugenzi mpya wa fedha, George Culmer, aliajiriwa na kufika katika mwaka huo wa 2012. Horta-Osório mwenyewe alieleza kwamba alibadili namna ya kuongoza, akakubali kwamba hawezi kila kitu. Na msingi wa wasiwasi wenyewe ulishughulikiwa: katika miaka iliyofuata Lloyds iliuza mali zisizo za msingi na kupunguza sana utegemezi wa mikopo ya muda mfupi. Swali la kesho nani atatukopesha likaacha kuwa swali la kila usiku.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu akirudi amepumzika kwenye kazi ileile, na watu walewale kumi na kitu wanaosubiri saini yake, na hatari ileile imeachwa ikichemka, amerejeshewa wiki kadhaa za nguvu na mazingira yaleyale ya kuzimaliza. Nimeona maofisi yanayompeleka meneja Zanzibar kwa wiki moja kwa gharama ya kampuni, anapokelewa kwa keki, na Jumatatu anakuta barua pepe mia nne na naibu ambaye nafasi yake haijajazwa tangu Machi. Keki ile ni gharama iliyopotea.

Januari hiyohiyo alitangaza kwamba hatachukua bonasi ya 2011. Alisema kutokuwapo kwake kulikuwa na athari kwa benki na wenye hisa, na kwamba wananchi wengi wako katika hali ngumu. Kisiasa ilikuwa hatua ya busara. Mwaka huo wa 2011 benki ilipata hasara ya pauni bilioni 3.5 kabla ya kodi, na magazeti yalikuwa yakiwawinda mabenki. Lakini naiangalia kwa jicho la pili. Kama kuchoka kazini ni jambo la kiafya, kwa nini mgonjwa alipe faini? Meneja wa tawi aliyesoma habari ile alipata somo ambalo pengine bosi hakulikusudia: ukiugua kwa namna hii, tegemea kukatwa.

Elfu kumi na tano

Sasa turudi kwa wale wa Juni. Ajira 15,000 ziliendelea kuondolewa. Oktoba 2014 zilitangazwa nyingine 9,000, pamoja na kufungwa kwa matawi takriban 150. Vyama vya wafanyakazi vililalamika kila mara. Tunajua kwa undani jinsi mtu mmoja wa ghorofa ya juu alivyokosa usingizi mwaka 2011, tunajua kliniki aliyolazwa na tarehe aliyorudi. Kuhusu waliobaki kwenye kaunta, kazi ya watu watatu ikifanywa na wawili, huku foleni ya wateja wa fidia ikirefuka, kisa kinanyamaza.

Sisemi kwamba mageuzi yale yangeweza kuepukwa. Benki ilikuwa imeokolewa kwa fedha za umma na ilikuwa na matumizi makubwa kuliko uwezo wake. Ninachosema ni kwamba mkakati uliomchosha bosi ulikuwa ukisukuma mzigo uleule chini, kwa watu wasio na mwenyekiti wa kumwendea, wasio na kaimu, na ambao wasingeweza kupangiwa upya muundo wa ripoti ili walale. Kitabu chochote cha uongozi kinachomsifu Horta-Osório bila kulitaja hilo kimeandikwa kwa ajili ya watu wenye ofisi za kona.

Kwa haki yake, alilirudia jambo hilo baadaye, na si kwa maneno tu. Kuanzia 2017 benki ilishirikiana na shirika la Mental Health UK, wafanyakazi wakichangisha fedha za huduma za afya ya akili. Viongozi wa juu wapatao 200 walipitishwa kwenye programu ya lishe, usingizi, kutuliza akili na tathmini ya kisaikolojia. Mwaka 2018 aliandika gazetini akiwataka waajiri wauchukulie ugonjwa wa akili kama wanavyouchukulia ugonjwa wa mwili. Hata hivyo tazama ngazi: programu nzito ilianza na wale 200. Inawezekana mantiki ilikuwa kwamba bosi akijua kulala atawaacha na wengine walale. Inawezekana. Mimi ningeanza na mameneja wa matawi, maana wao ndio wanaopanga zamu.

Matokeo ya benki yanajulikana. Dividendi zilirudi 2015, za kwanza tangu 2008. Mei 2017 serikali iliuza hisa yake ya mwisho na kutangaza kwamba imerejesha fedha zote ilizotia na ziada kidogo. Horta-Osório aliondoka Aprili 2021, na mwaka huohuo akatunukiwa cheo cha Sir kwa huduma zake kwenye sekta ya fedha na, kwa kujitolea, kwenye afya ya akili na utamaduni. Hakukaa sana kwenye sifa hizo. Alikwenda kuwa mwenyekiti wa benki ya Credit Suisse ya Uswisi, na Januari 2022 akajiuzulu baada ya kubainika kuwa alikiuka masharti ya karantini ya korona. Wapo wanaotumia mwisho huo kukifuta kisa chote. Ni kosa. Kupona uchovu hakumfanyi mtu mtakatifu, na aliyevunja karantini mwaka 2021 anaweza kabisa kuwa alifanya jambo la maana mwaka 2011.

Angekuwa mwajiriwa wa kwetu

Kutoka 2 Novemba hadi siku aliyoripoti, alikaa nje siku 68. Tuzipeleke siku hizo kwenye sheria zetu.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Hicho ni kiwango cha chini, na waajiri wengi wakubwa hutoa zaidi. Kwa asiye na mkataba mzuri, siku ya kumi na tano sheria imemaliza kusema. Kwa Horta-Osório hiyo ingekuwa katikati ya Novemba.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni karimu zaidi: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu. Mreno wetu angelipwa mshahara kamili kwa siku 63, na nusu mshahara kwa siku tano za mwisho. Si haba. Ugumu uko kwingine. Siku hizo zinahitaji cheti cha daktari, na jaribu kuingia zahanati ya kampuni ukasema hujalala siku tano kwa sababu ya kazi. Utapimwa malaria. Utapewa ED, ruhusa ya daktari ya kupumzika, ya siku mbili. Ukibahatika kukutana na daktari anayeelewa, huenda wewe mwenyewe ukamwomba aandike presha au vidonda vya tumbo, kwa sababu hivyo vinaeleweka kwa afisa utumishi, na "msongo" utakufuata kwenye faili mpaka siku ya kupandishwa cheo. Kwa hiyo haki ipo kwenye kitabu, na watu wanaitumia chini ya jina la ugonjwa mwingine, jambo ambalo linamaanisha kwamba mwajiri hajui kamwe ni idara gani inayowachosha watu.

Na vifungu hivyo vya likizo vinahesabu siku tu. Havisemi anayerudi anarudia kazi ya namna gani, jambo ambalo ndilo lililomwokoa Horta-Osório. Kwa Tanzania lipo fungu linalokaribia. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha kazi mtu kwa sababu ya afya apime kwanza chanzo cha hali hiyo, kama ni ya muda au ya kudumu, na kama majukumu yanaweza kurekebishwa ili mtu aendelee. Fungu hilo kwa kawaida hufunguliwa barua ya kuachishwa inapokaribia kuandikwa, na mara nyingi huwa mbele ya msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini hakuna kinachomzuia mfanyakazi, au chama chake, kuomba marekebisho hayo mapema zaidi: kwa maandishi, kabla ED ya kwanza haijaisha, akitaja kazi zipi zihamishwe, kwa nani, na kwa muda gani.